Kwa Hiyo Umestaafu?

Nilikuwa kituo cha mafuta, tangi liko wazi, nasubiri kumaliziwa, jamaa mmoja ambaye tumeendesha naye miaka mingi akaingia na kusimama ubavuni pangu. Hakunisalimia kwanza. Alizunguka nyuma, akainama kuangalia ekseli ya pikipiki yangu, akayatazama yale matairi mawili mapana ya gari yaliyokaa mahali palipokuwa na tairi moja. Alipoinuka alikuwa anatabasamu.

"Kwa hiyo kaka, umestaafu?"

Hakusema kwa ubaya. Nikacheka, nikarudisha utani, tukaulizana habari za nyumbani. Kisha akawasha, akatoka, na pale kwenye mpindo wa kuingilia barabara kuu akailaza pikipiki yake kidogo tu, kwa ule ulegevu wa mtu ambaye hata hajui kuwa anafanya kitu.

Swali halikuniuma lilipoulizwa. Liliniuma nilipouona ule mlalo.

Limekaa nami wiki kadhaa sasa. Nalala nalo, naamka nalo, na kila nikishika usukani linanikumbusha kuwa sijalijibu. Ndiyo maana naandika.

## Goti

Sababu ya kuhama kutoka pikipiki kwenda traiki, yaani pikipiki ya magurudumu matatu, ni goti, na sitaieleza kwa kirefu kwa kuwa wenye magoti mabovu wanaijua na wenye mazima hawatanielewa. Gegedu limelika. Kutembea natembea, ngazi napanda kwa kujishikilia.

Tatizo la pikipiki kubwa ni kwamba ikiwa mwendoni haina uzito. Uzito unakuja ikisimama. Yangu, ya safari ndefu, na mabegi yake na mke wangu nyuma, ilikuwa inapita kilo 400 kwa urahisi, na kilo zote hizo zinangoja sekunde moja tu: ile unapoweka mguu chini na kukuta lami imeinama, au kuna mchanga, au shimo dogo ambalo hukuliona. Ikiwa wima unaweza kuishikilia kwa vidole viwili. Ikishainama kupita kiwango fulani hakuna mwanadamu wa kuizuia, na unachobakiza ni kuamua iangukie upande gani.

Nikaanza kuchagua barabara kwa kufikiria nitasimama wapi. Nikawa naombea taa zisigeuke nyekundu kwenye mlima. Mke wangu alianza kushuka kabla sijaegesha, bila kuambiwa, na hakuna aliyelizungumza jambo hilo kati yetu.

Pikipiki ndogo ingenifaa mimi peke yangu, isingetufaa wawili. Kuacha kabisa nilikufikiria kwa jioni moja. Likabaki gurudumu la tatu.

Wasiowahi kuiona traiki hudhani nazungumzia bajaji. Sivyo. Hakuna paa, hakuna benchi la abiria. Ni pikipiki ileile: unaikalia kwa kuipanda, usukani wake ni uleule, klachi mkononi, gia mguuni, upepo kifuani. Kilichobadilika ni nyuma.

## Nusu ya mbele inadanganya

Zipo zinazotoka kiwandani zikiwa na magurudumu matatu. Mimi nilibadilishiwa ileile niliyokuwa nayo. Fundi alitoa tairi la nyuma pamoja na uma unaolishika, akafunga ekseli yenye difu yake, matairi mawili, breki ya kuegeshea, na mota ndogo ya umeme ya kurudisha nyuma. Kuanzia kiti kwenda mbele hakugusa kitu. Tangi ni lile, saa za dashibodi ni zile, hata mpira wa kishikio cha kulia umelika palepale ambapo kiganja changu kimekuwa kikikaa.

Nilidhani hilo litanirahisishia. Kumbe ndilo lililonichelewesha.

Mwili ulikaa pale ukatambua kila kitu, ukasema: hii naijua. Na ukaanza kufanya mambo yake.

Anayeendesha magurudumu mawili hageuzi usukani kuelekea anakokwenda, hata kama anaamini hivyo. Akishapita mwendo wa kutembea haraka, kwenda kushoto anausukuma mkono wa kushoto mbele. Tairi linachungulia kulia kwa kitambo kidogo, pikipiki inaangukia kushoto, na ile kuanguka ndiyo kona. Wengi wetu tunafanya hivyo maisha yetu yote bila kujua. Wilbur Wright, ambaye kabla ya ndege alikuwa fundi wa baiskeli pamoja na ndugu yake, aliwahi kuwauliza waendeshaji wengi jinsi wanavyokata kwenda kushoto, na hakumpata hata mmoja aliyeeleza sawasawa kwa mara ya kwanza. Mikono inajua, kichwa hakijui.

Traiki haianguki. Haina mlalo wa kuusubiri. Ukiusukuma mkono wa kushoto mbele, tairi linageuka kulia, na wewe unakwenda kulia.

Mwalimu alinipeleka uwanja mtupu, akapanga koni, akasimama mbali kidogo na njia yangu (baadaye nilielewa kwa nini). "Mzee wangu, usilaze. Geuza!" Nikasema nimeelewa. Na kichwa kilikuwa kimeelewa kweli. Nikaingia kona ya kwanza, mkono wa kushoto ukasukuma kama ulivyosukuma miaka yote, na koni za kulia zikaanza kunikaribia. Mkono ukafanya kile unachofanya pikipiki inapokataa kulala: ukasukuma zaidi.

Niliachia mafuta, nikashika breki. Mwalimu hakusema kitu. Alikuja akaokota koni moja, akairudisha mahali pake, akanionyesha kwa mkono: tena.

Kujifunza jambo jipya ni kazi ya kawaida. Hapa nilikuwa nauomba mwili uache kujua kitu ulichokijua vizuri kuliko jina langu, na mwili haukuona sababu.

## Mguu

Kona zilinyooka mapema kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kona inakutisha na hofu ni mwalimu mkali. Mguu ulichelewa.

Kila nikisimama, mguu wa kushoto ulikuwa unatoka wenyewe kwenda kukanyaga lami. Kwenye pikipiki hiyo ni adabu ya msingi. Kwenye traiki, nyuma tu ya kisigino kuna tairi pana linalokuja, na traiki ikiwa bado inasogea hata kidogo, mguu ulioko chini unaweza kuvutwa chini ya tairi na uzito wote ukapita juu yake. Mwalimu alilirudia hilo kuliko jambo lingine lolote. Miguu inakaa kwenye vikanyagio hadi injini izimwe na breki ya kuegeshea ivutwe. Hakuna mjadala.

Siku nilipogundua kuwa nimesimama kwenye taa na miguu yote miwili imetulia juu, sikuwa nimeiamuru, nilifurahi, halafu nikahuzunika kidogo. Kuna kitu kilikuwa kimeondoka mwilini na hakikuaga.

## Hofu imehama

Watu wakiniona wananiambia, "Sasa uko salama." Na hapo ndipo nataka kubishana, maana hata jamaa yangu wa kituo cha mafuta, nadhani, swali lake lilitoka humohumo: kwamba gurudumu la tatu ni mto wa kulalia.

Kusimama, ndiyo, kumekuwa raha. Kurudi nyuma kwenye mteremko, raha. Mchanga kwenye makutano, mafuta yaliyomwagika, kwenda polepole nyuma ya lori, vyote vilivyokuwa vinanitoa jasho vimekuwa si kitu. Lakini hofu haikuondoka. Ilitoka kwenye kusimama ikahamia kwenye kona.

Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, uiingie kwa kilomita 60 kwa saa. Pikipiki italala nyuzi 30 hivi, na wewe juu yake hutahisi chochote cha ajabu, kwa kuwa nguvu yote inashuka kupitia kiti chako moja kwa moja hadi kwenye matairi. Traiki hailali. Nguvu ileile, zaidi ya nusu ya uzito wako, inakuvuta ubavuni kukutoa nje ya kona. Ongeza mwendo ufike 80 kwenye kona hiyohiyo na nguvu hiyo inalingana na uzito wako wote. Kwa pikipiki hapo ni mlalo wa nyuzi 45, kazi ya mjuzi kwenye lami nzuri. Kwa traiki, hapo gurudumu la ndani linaweza kuwa limeshainuka.

Kuna pembetatu ya kuikumbuka pia. Magurudumu yakiwa moja mbele na mawili nyuma, ardhi unayoikalia ni pembetatu yenye ncha mbele. Ukishika breki ukiwa ndani ya kona, uzito unakimbilia mbele, yaani kwenye ncha, mahali penye upana mdogo kuliko pote. Kwa hiyo breki zote zinamalizika kabla ya kuingia. Zile zenye mawili mbele na moja nyuma hazina udhaifu huo wa breki, ingawa nazo zina udhaifu wao ukiongeza mafuta kabla ya wakati.

Aliyetaka ushahidi kuwa matatu si lazima yawe salama kuliko mawili akumbuke pikipiki za magurudumu matatu za kupita porini ambazo Honda ilianza kuziuza mwaka 1970. Nchini Marekani ziliumiza watu wengi, watoto wakiwemo, kiasi kwamba mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali kuacha kuziuza mpya. Zilionekana za kitoto kwa sababu zilisimama zenyewe.

Halafu kuna mashimo. Zamani nilikuwa na mstari mmoja tu wa kuutafutia njia, na nilipita katikati ya mashimo nikipiga mluzi. Sasa nina mistari mitatu. Nikilikwepa shimo kwa tairi la mbele, nalikabidhi kwa la nyuma kulia. Nikilipitisha katikati ya yale mawili ya nyuma, ni la mbele lililolikanyaga. Kwenye barabara mbovu hukwepi tena, unachagua tairi lipi lipigwe.

Na mikono inachoka. Hilo hakuniambia mtu. Kwenye kona ndefu mkono wa nje unasukuma, wa ndani unavuta, kiwiliwili unakiinamisha mbele kuelekea ndani, magoti yanabana tangi. Safari ya kwanza ya milimani niliamka kesho yake mabega yamekaza kana kwamba nilipasua kuni.

Mstaafu gani huyu anayeamka na mabega yanayouma?

## Aibu ya gurudumu

Nikajiuliza pia aibu yenyewe ilitoka wapi, maana ilikuwepo. Kwenye mikusanyiko nilikuwa naegesha pembeni kidogo, eti nahitaji nafasi.

Chombo ambacho wengi hukiita pikipiki ya kwanza ya petroli, kile cha Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach cha mwaka 1885, kilikuwa na magurudumu mawili makubwa na vigurudumu viwili vidogo ubavuni vya kukizuia kisianguke. Mwaka uliofuata, 1886, Karl Benz alipata hataza ya gari lake, na lilikuwa na magurudumu matatu. Harley-Davidson waliuza Servi-Car yao ya magurudumu matatu kuanzia 1932 hadi 1973, miaka zaidi ya 40, na polisi wa miji ya Marekani waliizungushia mitaani bila mtu kuwauliza wamestaafu lini.

Nilipoyasoma haya nilipata faraja kwa saa moja hivi. Historia haikusaidii unapopitwa kwenye kona na kijana aliyelaza hadi goti linakaribia lami.

## Ninachokikosa

Ninakosa kulala kona. Niseme tu, maana nikilizunguka jambo hili makala yote haina maana.

Kuna sehemu katikati ya kona, mlalo ukishakaa, ambapo hufanyi chochote. Mikono imelegea, mafuta yamesimama palepale, dunia yote imeinama na wewe peke yako ndiye uliye wima. Halafu unaongeza mafuta kidogo na pikipiki inajiinua yenyewe. Sijui kitu kingine maishani kinachofanana nacho. Traiki haina nafasi hiyo. Kona yake ni kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ikiisha unashusha pumzi.

Cha pili kilinishangaza zaidi. Kwenye pikipiki, abiria ni nusu ya uendeshaji. Mke wangu alikuwa analala nami kila kona. Nilipotaka kugeuka alishajua kabla sijageuka, kwa sababu bega langu lilisogea kidogo mbele ya macho yake. Tulikuwa tunaongea hivyo kwa saa nyingi bila neno. Sasa amekaa zake nyuma, ameegemea, hana anachotakiwa kufanya. Mara ya kwanza nilipomhisi amesinzia nilikaribia kusimamisha chombo kwa mshtuko.

Nikamweleza kuwa naona kama tumepoteza mazungumzo. Akanitazama kidogo.

"Wewe unaona hivyo. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa naangalia kofia yako. Sasa naona milima."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Lakini baada ya hapo nikaanza kuangalia safari zetu kwa jicho lingine, nikakuta zimebadilika bila mimi kupanga. Tunasimama. Zamani kusimama kulikuwa na gharama, kwa hiyo tulisimama penye lami tambarare, penye kivuli, panapojulikana. Juzi tulikuwa tunapanda mlima, upande wa kulia pakafunguka bonde, na nikasogea tu kwenye ukingo wa changarawe ulioinama vibaya, nikavuta breki ya kuegeshea, nikazima. Pale, kwenye magurudumu mawili, nisingethubutu hata kupunguza mwendo. Tulikaa juu ya viti vyetu tukitazama, bila kushuka, hadi tukaanza kuona baridi.

Silinganishi hilo na kona. Hakuna mzani wa vitu viwili hivyo.

## "Mbona hukununua inayolala?"

Hili linaulizwa na wanaojua vyombo, na ni swali la haki. Zipo za magurudumu matatu zinazolala kabisa. Piaggio walitoa MP3 mwaka 2006, mawili mbele, inalala kama skuta yoyote, na ukisimama unaweza kuifunga ibaki wima bila kuweka mguu chini. Yamaha wakaleta Niken mwaka 2018, yenye nguvu zaidi na inayosifiwa kwenye kona, ila hiyo haijifungi. Ukisimama, mguu chini kama kawaida. Kwa goti langu Niken haikuwa jibu. MP3 ingeweza kuwa. Na kuna Can-Am Spyder, ya tangu 2007, mawili mbele, hailali, lakini ina kompyuta inayoingilia kati ikihisi chombo kinaelekea kupoteza utulivu.

Sikuchukua yoyote kwa sababu nilitaka kubaki na injini niliyoizoea, mlio wake na mtetemo wake. Huo ni uamuzi wa moyo na sidai kuwa ni wa akili. Anayeanza leo bila pikipiki ya kung'ang'ania, ajaribu zote kabla hajamwona fundi.

Ila yangu ina jambo moja la kurekebishwa. Foki, yaani nguzo mbili zinazoshika tairi la mbele, bado zimekaa kwa pembe ya pikipiki. Kwenye pikipiki, mstari wa mhimili wa usukani ukiurefusha hadi chini unagusa lami mbele kidogo ya pale tairi linapogusa, na umbali huo ndio unaolifanya tairi lifuate njia iliyonyooka, kama kigurudumu cha toroli kinavyojinyoosha ukiisukuma. Kwa magurudumu mawili hilo ni baraka. Kwa traiki, ambayo lazima igeuzwe kwa nguvu za mikono, ni mzigo, na ndio uliokuwa unaniumiza mabega. Dawa yake ni kubadilisha vibano vinavyoshika foki, kuweka vyenye pembe ya nyuzi chache zaidi, ili tairi lisogee mbele na umbali ule upungue. Usukani unakuwa mwepesi. Ubaya wake ni kwamba ukienda polepole unaweza kuanza kutetemeka, kwa hiyo wengi huongeza na kizuia mtetemo.

Nilikuwa nalisogeza jambo hili mbele. Nadhani sehemu yangu fulani ilitaka foki zibaki zilivyo, kwa siku ambayo ekseli ingetolewa na tairi moja kurudishwa. Fundi alilihifadhi lile tairi, limetundikwa ukutani kwake, na kila nikienda nalitupia jicho.

Wiki ijayo traiki inaingia gereji kwa ajili ya foki. Fundi ameniuliza kama lile tairi na uma wake anaweza kumpa mteja mwingine, nikamwambia ampe. Mke wangu naye amesikia kuwa chombo kinafunguliwa, anataka kiti chake kiwekewe sehemu ya kuegemeza mikono. Nimempa namba ya fundi, waelewane wenyewe.